Chakula na Dawa Wakati wa Mchumo



Kila mchumo ukikaribia, ofisi yetu huulizwa habari za majamvi, magunia na bei. Safari hii twapenda kueleza jambo ambalo watu hulinong'ona tu, nalo ni chakula cha mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Maradhi haya yaligunduliwa hapa Visiwani mwaka 1986, na siku zile aliyepatikana nayo alihesabiwa maiti. Leo mwenye kumeza dawa zake kila siku huishi miaka mingi, na mkarafuu hupanda kama mwenziwe.

Lakini ni lazima ale. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba mtu mzima mwenye virusi, hata asipoumwa, ahitaji nguvu za chakula zaidi kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100. Akiumwa, hufika 20 hadi 30. Kwa mtu wa kazi, hiyo 10 ni kama sahani ndogo ya muhogo juu ya chakula chake cha kawaida. Twaitaja hesabu hii kwa sababu wako wanaouza shamba la urithi wakanunue makopo ya unga wa dukani. Hapana haja.

Taabu yetu ni desturi ya mchumaji kutoka alfajiri kwa chai kavu, asile tena mpaka jua limepinduka. Tena akila, hula muhogo mtupu. Muhogo, majimbi na shelisheli hutia nguvu, ila mwili haujengwi kwa hivyo peke yake. Zitiwe kunde, choroko au mbaazi, ama dagaa, ambaye huliwa mzima na mifupa yake. Mchicha na matembele yako uani, na mapapai huoza chini ya miti tukiyatazama. Mwenye vidonda kinywani aache pilipili na ndimu, ale uji na ndizi mbivu. Anayeharisha anywe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na asiache kula.

Sasa habari ya karafuu yenyewe. Wapo wanaouza mafuta ya karafuu wakisema yanaponya Ukimwi. Sisi ndio wenye karafuu, na faida ingekuwa yetu, lakini twasema wazi: hayaponyi. Tena kuyanywa kwa wingi huweza kudhuru ini, na kwa mtoto ni hatari kubwa. Karafuu itiwe katika pilau na chai.

Wengi siku hizi hupewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa iitwayo dolutegraviri. Dawa hii haipatani na zile za kiungulia zenye magnesi au alumini. Kidonge kimezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma wapewavyo waja wazito, na vya kalsi, vyaweza kumezwa pamoja nacho ikiwa ni pamoja na chakula. Aghalabu watu hawaambiwi haya dukani, basi muulizeni daktari. Wengine hunenepa wakitumia dawa hizi. Hao wapunguze sukari na mafuta, wasipunguze dawa.

Katika Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya sharia kula na kulipa siku nyingine. Aliye na siha na akataka kufunga, aonane kwanza na daktari wake, wapange kidonge kiwe wakati wa futari au daku, saa ile ile kila usiku.

Wenye mashamba, mchumaji akiomba kuteremka saa nne akale, mwacheni ateremke wala msimwulize sababu. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe kivulini karibu na majamvi, kwa wachumaji wote.