Kwihara: Kijiji Kimya na Swali la Mto Nile

Mtu atokaye Kanyenye, mjini Tabora, akielekea kusini-magharibi, husafiri kilomita zipatazo sita hata kufika Kwihara. Kijiji hiki ni kitulivu, ingawa zamani misafara ya pwani na Ujiji ilituliza mizigo katika nchi hii ya Unyanyembe. Hapa hapana volkano. Chini ya udongo umo mwamba wa itale wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Udongo ndio uliojenga tembe, nyumba ya kuta nene na paa bapa. Ukuta mnene hupokea joto polepole mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo ndani huwa baridi wakati wa jua kali.

Katika tembe la Kwihara, mwaka 1872, David Livingstone alingoja wapagazi kwa zaidi ya miezi mitano baada ya kuagana na Stanley. Aliamini kwamba mto Lualaba ndio chanzo cha Nile. Je, imani hiyo ingepimwaje?

Njia mojawapo ni kulinganisha vimo, na kimo huweza kupimwa kwa maji yachemkayo. Kadiri mtu apandavyo, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kila mita 300 hupunguza takriban nyuzi moja ya Sentigredi. Tabora, iliyo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndiyo maana maharage huko hukawia kuiva kuliko Dar es Salaam. Burton na Speke, waliofika Tabora mwaka 1857, walitumia njia hii.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake hadi Unyanyembe, walikomkuta Luteni Cameron. Yeye aliwashauri wauzike huko. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Cameron alibaki na baadhi ya vyombo vya vipimo vya marehemu.

Mwaka 1874 Cameron alifika Nyangwe. Aliona kwamba Lualaba uko chini kidogo kuliko Nile pale Gondokoro, mbali kaskazini. Na maji hayapandi mlima. Lakini tofauti ilikuwa ndogo, na kosa la nusu nyuzi huleta kosa la mita 150. Hivyo ushahidi wa pili ulikuwa na uzito: maji ya Lualaba yalizidi yale ya Gondokoro mara kadhaa. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo hadi Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo.

Wanafunzi wanaweza kuchemsha maji shuleni, wasome kipimajoto chini ya uangalizi wa mwalimu, kisha wakadirie kimo cha shule yao. Jibu walilinganishe na ramani, na sababu za tofauti wazitafute wenyewe.