Kupima unene bila rula

Kuna vitu vyembamba hata rula haiwezi kuvipima. Lakini hesabu inaweza. Tugawanye ujazo wa kitu kwa eneo kinalofunika: jibu ni unene wake.

Mufano: sakafu ya kapela ina meta 12 kwa 6, ni kusema meta za muraba 72. Tukitandaza humo beto ya meta za ujazo 3,6, unene utakuwa 3,6 : 72 = meta 0,05, yaani sentimeta 5. Afazali tujue hivi mbele ya kununua simenti.

Njia ile ile inafika mbali. Katika mwaka 1774 Benjamin Franklin alitangaza namna mafuta yasiyopita kijiko kidogo kimoja yalivyotandaa juu ya ziwa dogo la Clapham, kule Uingereza, yakatuliza maji kwa nusu eka, karibu meta za muraba 2 000. Yeye hakuhesabu unene; sisi tuuhesabu. Tukisema kijiko ni sentimeta za ujazo 4, tunapata sehemu moja ya milimeta iliyogawanywa katika sehemu 500 000. Katika mwaka 1890 Lord Rayleigh alipima mafuta juu ya maji kwa njia hiyo, na vipimo vya namna hiyo vilisaidia wataalamu kutambua udogo wa molekuli.

Basi, tusiseme shuleni kwamba hatuna vyombo. Kijiko, maji na kugawanya vinatosha kwa kuanza.