Uyoga Mweupe: Utazame Mzizi Kwanza

Mvua za Dodoma huanza kiasi cha Desemba na kukoma Aprili. Katika miezi hiyo uyoga mweupe huchomoza porini, na mafungu yake huuzwa. Swali la mpishi ni moja: utajuaje kwamba unalika?

Weupe wake hauelezi kitu. Yatupasa tutazame mahali ulipoota na jinsi mguu wake ulivyo chini ya ardhi. Uyoga mweupe mkubwa unaopendwa sana hapa nchini ni ule wa kichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces. Mchwa hukusanya majani makavu na vijiti, wakavitafuna na kuvijenga kama sega ndani ya kichuguu. Humo hulima ukungu ambao ni chakula chao. Mvua inaponyesha, ukungu huo hutoa uyoga unaopenya udongo hadi juu. Ndiyo sababu mguu wake una mzizi mrefu unaoshuka hadi shambani mwa mchwa, na katikati ya mwavuli wake pana kinundu kilichotoboa udongo.

Basi usiung'oe; uchimbue taratibu. Mzizi unaozama chini ni dalili njema. Ukikuta shina limekaa ndani ya kifuko kama ganda la yai, uache. Hiyo ni alama ya jamii ya Amanita, yenye uyoga unaoua.

Uko mwingine unaodanganya watu wa mjini. Huota kwenye bustani za nyasi, mweupe na mpana. Ukikomaa, vile vipande vyembamba vya chini ya mwavuli, vilivyopangana kama kurasa za kitabu, hugeuka kijani. Huo hutapisha na kuharisha vibaya.

Wapo wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba moto mkali huondoa sumu. Wanajidanganya. Sumu ya Amanita phalloides haiishi kwa kuchemshwa. Hukaa kimya saa 6 hadi 12, pengine zaidi, ndipo mtu aanze kutapika. Baadaye hujiona amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Atakayeugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yaende naye.

Nawe unayenunua sokoni, kumbuka kwamba uyoga uliokatwa mguu umekatwa na ushahidi wake. Mwombe muuzaji akuletee wenye mzizi, tena akueleze ameuchuma wapi. Asiyeweza kujibu, mwachie uyoga wake.