Asidi au tindikali, kuvimba au uvimbe? Istilahi za malaria kali

Mzazi wa Tandale au Mwananyamala, wilayani Kinondoni, ambaye mtoto wake amelazwa kwa malaria kali, huhitaji kuelezwa mambo mawili: asidi imezidi mwilini na ubongo umevimba. Uteuzi mbaya wa maneno huweza kumpotosha.

Asidi, tindikali. Katika kemia, maneno haya ni visawe. Katika mazungumzo, hata hivyo, *tindikali* huandamana na kitenzi *kumwagia*, na humkumbusha msikilizaji kioevu kinachounguza ngozi. Kwa hiyo, habari za damu huelezwa vyema kwa neno *asidi*. Damu ya mtu mwenye afya huwa na pH kati ya 7.35 na 7.45. Katika malaria kali, chembe nyekundu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo. Tishu hukosa oksijeni, huzalisha asidi laktiki, na pH hushuka. Mtoto huhema kwa nguvu ili atoe kabonidioksidi na kupunguza asidi hiyo.

Kuvimba, uvimbe. *Kuvimba* hutaja hali au tukio: *Kuvimba kwa ubongo kumepungua.* *Uvimbe* aghalabu hutaja kitu kilichoota: *Uvimbe umeondolewa.* Anayeambiwa kuna "uvimbe kwenye ubongo" huweza kudhani ni saratani, akasubiri upasuaji usiohitajika. Tofauti hii ina uzito. Katika utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2015, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za ubongo. 25 walifariki, na 21 kati ya hao walikuwa na ubongo uliovimba sana. Ubongo ukivimba hivyo hulikandamiza shina lake, linaloongoza upumuaji, na pumzi huweza kukatika.

Husababisha, huambatana na. Mfasiri asiandike kwamba asidi *husababisha* kuvimba kwa ubongo katika malaria. Kunasa kwa chembe katika mishipa huchangia hali zote mbili. Hivyo, moja *huweza kuambatana na* nyingine.

Tafsiri inayopendekezwa: *Asidi imezidi katika damu ya mtoto, ndiyo maana anahema kwa nguvu. Pia ubongo wake umevimba kutokana na malaria. Si uvimbe ulioota.*