Ó Cearnaigh: Ubini Uliokatwa Kichwa

Kila yanapozuka barazani mazungumzo ya asili ya Barack Obama, nasikia maneno yale yale. Upande wa baba hutajwa kwa mapana na marefu: Mjaluo, wa Kogelo, mjukuu wa Onyango. Upande wa mama humalizwa kwa neno moja tu, Mzungu. Akitokea mjuzi wa kuongeza kwamba kuna babu mmoja aliyeitwa Kearney kutoka Ayalandi, mwenzake humjibu kuwa hilo ni jina la Kiingereza kama mengine. Kosa hilo si la barazani kwetu peke yetu. Waingereza hulifanya, na hata Wamarekani wenye jina hilo hulifanya. Lakini sisi tuliotawaliwa, tulioandikwa vyeti na makarani waliosikia majina ya babu zetu kwa masikio ya kigeni, tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua.

Kearney si Kiingereza. Ni Kigaeli, lugha ya wenyeji wa Ayalandi, na kwa ukamilifu wake huandikwa Ó Cearnaigh. Ile Ó ya mwanzo wengi huidhani pambo, kumbe ndiyo kichwa cha jina. Maana yake ni mjukuu, na kwa upana zaidi, mzawa wa fulani. Cearnach ni mshindi, sifa waliyovikwa mashujaa wa kale, akiwemo Conall Cearnach wa hadithi za Ulster. Ndugu yake Ó ni Mac, yaani mwana. Kwa viambishi hivyo viwili Wagaeli walijenga ubini wa taifa zima, tena mapema kuliko karibu watu wote wa Ulaya. Kumbukumbu za miaka zilizotunzwa na watawa wao zinataja kifo cha Tigherneach Ua Cléirigh, bwana wa Aidhne huko Galway, mwaka 916. Wakati huo Mwingereza wa kawaida aliishi na kufa na jina moja tu; ubini wa kurithishana ulienea kwao baada ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066.

Mtu wa pwani ataelewa haraka, maana kwetu Fatuma binti Salim hubaki binti Salim hata akiolewa mara tatu. Wagaeli nao walikuwa hivyo. Mwana wa kiume ni Ó Cearnaigh. Dada yake ni Ní Chearnaigh, ambamo c imelainika kuwa ch. Ní ni ufupisho wa maneno yenye maana ya binti wa mzawa wa. Mke wa Ó Cearnaigh huweza kuitwa Bean Uí Chearnaigh, lakini katika Ayalandi ya zamani, kabla sheria za Kiingereza hazijatawala, mke alibaki na ubini wa baba yake mpaka kaburini. Jina lilibadilika sauti kufuatana na nani anayelibeba, na kila badiliko lilieleza uhusiano. Ukilisikia, ulijua kama unazungumza na mwana, binti au mke, na ulijua ni wa nani.

Wala jina halikuwa la kuitikia tu. Chini ya sheria ya Wagaeli, iliyosimamiwa na mahakimu walioitwa brehon, ardhi ilikuwa ya ukoo, na hesabu ya ndugu wenye haki ilishuka vizazi vinne kutoka kwa babu wa pamoja. Nasaba ndiyo iliyokuwa hati ya shamba. Ndiyo maana palikuwa na koo ambazo kazi yao, baba kwa mwana, ilikuwa kutunza nasaba za wengine. Ukoo wa Mac Fhirbhisigh wa Sligo ulikuwa mmojawapo. Mwanachuoni wao mkubwa wa mwisho, Dubhaltach, alikusanya kitabu kizito cha nasaba za Ayalandi na kukifikisha karibu na ukamilifu huko Galway mwaka 1650, wakati majeshi ya Kiingereza ya Cromwell yakiiteketeza nchi. Aliandika nani alizaliwa na nani, na ukoo upi una haki wapi, ilhali mashamba yenyewe yalikuwa yakigawiwa askari na wafadhili wa vita. Mwaka 1671, akiwa mzee, aliuawa. Hakupatikana wa kushika kalamu yake, na mimi nahesabu kifo hicho kuwa hasara sawa na kuungua kwa maktaba.

Laiti wauza zawadi wa Dublin na Boston wangekisoma kitabu chake! Wao humuuzia mgeni ngao iliyochorwa rangi na kumwambia: hii ni ya ukoo wenu Kearney, nyote mmetoka kwa babu mmoja. Mambo mawili hapo si kweli. Kwanza, ngao hutolewa kwa mtu na warithi wake, haitolewi kwa jina. Pili, akina Kearney hawana babu mmoja. Kuna Ó Cearnaigh wa Clare, wa jamaa moja na mfalme Brian Boru, ambao baadaye walihamia upande wa Cashel, Tipperary. Kuna Ó Cearnaigh wa Mayo, ambako jina huandikwa zaidi Carney. Waziri Mkuu wa Kanada, Mark Carney, ana babu aliyetoka Aughagower katika jimbo hilo. Halafu kuna watu wa katikati ya nchi ambao asili yao ni jina jingine kabisa, Ó Catharnaigh, la mpenda vita. Mkuu wao mmoja, Tadhg, aliyefariki mwaka 1084, alipewa lakabu ya An Sionnach, yaani Mbweha. Lakabu ikaganda, uzao wake ukaitwa Fox, na leo Fox wa Ayalandi hudhaniwa kizazi cha Waingereza kwa sababu tu jina lake limetafsiriwa.

Kichwa cha jina hakikukatwa siku moja. Mwaka 1465 bunge la mfalme wa Uingereza lilipitisha sheria kwamba Wagaeli wanaoishi kati ya Waingereza katika majimbo ya Dublin, Meath, Louth na Kildare wavae kama Waingereza na wachukue ubini wa Kiingereza: jina la mji, rangi, kazi au cheo. Sheria hiyo ilifika umbali mfupi, kwa kuwa nchi kubwa bado ilikuwa mikononi mwa wenyewe. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1571, kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kigaeli katika Ayalandi, alfabeti na katekisimu, kilitungwa na Seán Ó Cearnaigh, mtumishi wa kanisa la Kiprotestanti. Hata yeye, mtu wa upande wa serikali, hakuona haya kubaki na Ó yake.

Kilichovunja watu ni karne ya 17. Machifu wa Kigaeli walishindwa na Waingereza huko Kinsale mwaka 1601, wakakimbilia ng'ambo mwaka 1607, na wanyonge wakabaki bila wa kuwasemea. Zikafuata sheria za kuwabana Wakatoliki. Mtu aliyetaka kukodishwa shamba, kupata kazi au kusikilizwa mahakamani aliona jinsi karani anavyokunja uso akisikia Ó au Mac. Akaidondosha. Karani naye akaandika kilichobaki kwa hijai ya kwao: Kearney, Carney, Kerney. Wengine walitafsiriwa kikatili. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, akawa Smith. Wasajili walipofanya hesabu kwa vizazi vya mwaka 1890, Murphy lilikuwa la kwanza nchini, likikadiriwa kuwa na watu 62,600, na la pili Kelly, 55,900. Yote mawili ni ya Kigaeli, Ó Murchadha na Ó Ceallaigh, na yote mawili hutembea bila kichwa hadi leo. Smith nalo lilikuwa miongoni mwa matano ya juu, na wengi ndani ya hesabu hiyo walikuwa akina Mac Gabhann wa Cavan waliopoteza jina lao.

Sherehe za Mtakatifu Patriki, ngoma na pombe nyeusi ya Dublin zina wa kuzisifu. Mimi nalilia desturi ya kuitana.

Mila ilikuwa hivi. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Hakuna mzee aliyekufa kabisa, kwa kuwa jina lake lilikuwa linakimbia uani. Lakini ndugu wanne wakioa, kila mmoja humzalia baba yao wajina mmoja, na kijiji kinajaa watoto wenye jina moja na ubini mmoja. Hapo ndipo ufundi wa kuitana ulipotokea. Katika vijiji vya Connemara, Máirtín mwana wa Peadar mwana wa Seán huitwa Máirtín Pheadair Sheáin, vizazi vitatu kwa pumzi moja, bila kutaja ubini. Mjane aliyelea watoto peke yake huweza kuwa ndiye mnyororo wenyewe, wanawe wakaitwa kwa jina lake. Huko Tipperary, ambako akina Ryan wamejaa kama mchanga, kila mlango una lakabu yake: Ryan Bawn ni weupe, Ryan Dubh ni weusi wa nywele, Ryan Cooper ni wa fundi mapipa. Lakabu hizo zilirithiwa kama shamba, na hata katika vitabu vya simu ziliandikwa ili mpigaji asimpate asiyemtaka.

Serikali haikuwa na safu ya vitu hivyo katika fomu zake. Karani aliandika Martin, kisha Ryan, akamaliza. Vijiji vilipohamwa na redio na shule zikaleta Kiingereza, mnyororo ulikatika midomoni mwa watu. Leo mtoto wa Dublin hupewa jina la mcheza filamu, naye bibi yake hana wajina.

Kabla ya redio hizo ilikuja njaa ya viazi, kuanzia mwaka 1845, iliyoua watu milioni moja hivi na kuwakimbiza wengine kama hao. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall katika jimbo la Offaly, alivuka bahari mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19. Wamarekani hupenda kusimulia kwamba majina ya wahamiaji yaliharibiwa na makarani wa Ellis Island. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892. Falmouth alifika na Ó yake imekwisha kukatwa kwao. Huko Marekani akamzaa Mary Ann, naye Mary Ann akaolewa na Dunham. Kwa desturi ya Kiingereza, siku ile ubini wake ulizikwa. Damu iliendelea, mjukuu, kitukuu, kilembwe, mpaka Obama, kilembwekeza wa Falmouth, aliyerudi Moneygall Mei 2011 na kupokewa kama mwana wa nyumbani. Ilibidi kasisi wa Kianglikana apekue daftari la ubatizo ili ijulikane, kwa sababu jina halikuweza tena kuisema habari yake lenyewe.

Haya ndiyo yanayoniuma zaidi, kwamba wanawake ndio walioubeba ubini huu mbali na ndio waliofutwa. Wimbo wa taifa wa Ayalandi ulitungwa maneno na Peadar Kearney. Dada yake, Kathleen, ndiye mama wa mwandishi Brendan Behan. Wangapi wanaomsoma Behan wanajua kuwa ni mtoto wa Kearney? Na hapa kwetu, Afrika Mashariki, Mganda atakueleza habari za Mama Kevina, mtawa aliyefika Nsambya mwaka 1903, akajenga hospitali na shule, akaanzisha shirika la masista wa Kiafrika mwaka 1923, na akarudishwa kuzikwa Nkokonjeru baada ya kufariki Marekani mwaka 1957. Alizaliwa Teresa Kearney, huko Wicklow. Kevin ni jina alilolichagua mwenyewe la mtakatifu wa kwao. Kwa mila ya kale angekuwa Ní Chearnaigh.

Wapo wanaosema yamepita, jina ni jina. Nawakumbusha mkulima wa Donegal, Niall Mac Giolla Bhríde, aliyeandika jina lake kwa Kigaeli ubavuni mwa mkokoteni wake, akashtakiwa kana kwamba hakuandika kitu. Mwaka 1905 Patrick Pearse, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya 1916, alimtetea mahakamani kama wakili, wakashindwa. Mtu anayekubali kesi kwa ajili ya herufi za mkokoteni anajua jina si sauti tupu. Tangu harakati za lugha za miaka ile, akina Sullivan wengi wameirudisha Ó yao. Mwimbaji Enya, wa Gweedore, ni Eithne Ní Bhraonáin, na kaka zake ni Ó Braonáin. Nyumba moja, maumbo mawili, na hakuna aliyepotea. Akina Kearney ndio wamechelewa. Wachache mno wameirejesha.

Nami naamini inarejesheka. Haihitaji bunge. Inahitaji binti mmoja wa Kearney kwenda kujiandikisha shule kama Ní Chearnaigh na kukataa kusahihishwa, na mwalimu mmoja kujifunza kulitamka. Nasi tulio mbali tuna sehemu yetu: tuache kuwaita Waingereza watu waliopoteza majina yao kwa mkono wa Mwingereza. Na mgeni anayetaka kumjua Mwayalandi aiache ngao dukani, amuulize mama yake alikuwa binti nani.