Viza ya Ufaransa: Piga Hesabu Kabla Hujalipa Ada

Je, Paris iko kwenye mipango yako? Mwaka 2024 Ufaransa ilipokea wageni wapatao milioni 100 kutoka nchi za nje. Lakini ukiwa na pasipoti ya Kenya, lazima uwe na viza ya Schengen, na ukinyimwa, ada hairudishwi. Ndiyo maana tunakuambia: piga hesabu kwanza.

Ada ni pesa ngapi?
Mtu mzima hulipa yuro 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni yuro 45, na wa chini ya miaka 6 halipi. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Jibu huchukua kama siku 15, lakini linaweza kufika hata 45, kwa hivyo usingoje dakika za mwisho.

Utahitaji pia bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na pasipoti itakayodumu miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Niwe na pesa ngapi za matumizi?
Ufaransa imeweka kiwango cha kila siku. Kama umeshalipia hoteli, onyesha yuro 65 kwa siku. Bila hoteli, ni yuro 120. Kwa siku 7, hiyo ni yuro 455 au 840. Ukikaribishwa na ndugu aliye na hati ya mwaliko iliyoidhinishwa na manispaa ya kwao, kiwango hushuka hadi yuro 32.50 kwa siku.

Pesa za kuazima hazisaidii
Tuseme akaunti yako imekuwa na elfu kumi miezi yote, halafu wiki moja kabla ya kuomba, laki tatu zinaingia ghafla. Anayekagua atajiuliza: zimetoka wapi? Afadhali akaunti inayokua polepole, mshahara au mauzo yakiingia kila mwezi.

Kama una biashara na wateja hukulipa kwa simu, hamisha mauzo kwenda benki mara kwa mara. Chukua pia taarifa ya miamala ya simu. Haichukui nafasi ya ile ya benki, ila inaeleza pesa zako zinatoka wapi.

Jihadhari na "mtu wa ndani"
Viza huamuliwa na ubalozi peke yake. Hata kituo kinachopokea fomu zako hakina usemi. Kwa hivyo mtu akikuambia "nitumie elfu hamsini, viza ni uhakika", huyo ni mkora, hata akikutumia picha za pasipoti zilizopigwa muhuri. Akitaka utume kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Pesa zikishatolewa upande ule, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Kabla ya kulipa chochote:
- Fuata maelekezo ya malipo kutoka tovuti rasmi, si ya kwenye WhatsApp.
- Soma jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN.
- Hifadhi ujumbe wa muamala na risiti.
- Usimpe mtu PIN yako, hata akisema ni wa ubalozi.

Ukishapata viza, panga siku zako vizuri: jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne. Safari njema!