Kochi na Kidole cha Paka

Yapo mambo ambayo majina yake huuficha ukweli wake. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, baadhi ya wenye paka wamekuwa wakiwapeleka kwa daktari wa mifugo "kutolewa kucha", ili wasikwaruze makochi na mazulia. Asikiaye hudhani ni kama sisi tunavyokata kucha zetu. Sivyo hata kidogo. Ukucha wa paka umeota katika mfupa. Kuuondoa ni kuikata pingili ya mwisho ya kidole. Na miguu ya mbele peke yake ina vidole 10.

Kazi hiyo hugharimu mamia ya dola. Lakini gharama iliyo kubwa zaidi humwangukia paka: maumivu, pengine kuchechemea, na kunyang'anywa silaha aliyoumbwa nayo. Kochi hununulika, kidole hakinunuliki.

Twafurahi kwamba sheria zimekwisha kusema. Mkataba wa Ulaya wa mwaka 1987 wa kuwalinda wanyama wa nyumbani ulilikataza tendo hilo. Mwaka 2019 New York likawa jimbo la kwanza la Marekani kulipiga marufuku, isipokuwa kwa haja ya tiba.

Visiwani kwetu, kucha hizo ndizo zilindazo mchele dhidi ya panya. Basi tunawaomba wakuu wanaohusika na mifugo wasingoje desturi hii ivuke bahari kwa jina la ustaarabu. Mwenye paka na ampe gogo la kukwaruza. Asiyezitaka kucha, asifuge paka.